Shujaa Asiye na Mtani

Kapiteni Shaba alikuwa amejamba mara tatu tu taa za ukumbi zilipowashwa.

Mara ya nne ndiyo iliyokuwa na maana, na hatukuifikia. Katika mchezo wetu Kapiteni Shaba ni kijana wa Katuba, komini ya hapa Lubumbashi, aliyetumbukia kwenye shimo la maji ya asidi nyuma ya kiwanda, akatoka na ngozi nyekundu kama waya mpya na nguvu ya kuinua lori la madini kwa mkono mmoja. Risasi hazimpati. Anaruka. Kasoro yake ni moja: kila akisema uongo, anajamba. Nyuma ya pazia tulimweka mvulana wa miaka kumi na sita akiwa na mpira wa ndani wa baiskeli, na ustadi wake ulikuwa wa ajabu. Alikuwa na sauti ya uongo mdogo, sauti ya ahadi, sauti ya kiapo, hata sauti ya rambirambi. Mara ya nne Kapiteni angezindua bomba la maji lisilo na maji, mbele ya wananchi, kwa hotuba ya kurasa mbili. Mvulana alikuwa amejaza mipira miwili kwa ajili ya hotuba hiyo.

Badala yake akasimama mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, mtu mzima, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, akasema kwa upole ambao sijausamehe hadi leo: “Mwalimu, muache. Ile haiko mila yetu. Matukano mbele ya bakubwa, njo bintu ya bazungu.” Watu wakaanza kunyanyuka. Katika safu ya kwanza mgeni wa heshima, ambaye cheo chake nakiacha, alikuwa akitazama simu. Vijana sita wa kikundi walikuwa wamelipia ukumbi kwa pesa ya kuosha magari na kuuza mayunite ya simu. Pesa haikurudishwa.

Baada ya wiki mbili nilikwenda nyumbani kwa mwenyekiti kuidai. Nilikaribishwa vizuri, nikaletewa Fanta. Sebuleni wanawe wawili walikuwa wamechomeka flashi kwenye televisheni na kutazama The Boys kwa Kifaransa. Niliingia wakati ule boti ya mwendo kasi inapomvaa nyangumi ubavuni na kuzama tumboni mwake, na watu wanatoka humo wamelowa damu na matumbo, mmoja amebaki ameketi ndani ya mnyama kama abiria aliyekosa basi. Wavulana walicheka. Mwenyekiti naye alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Nikamtazama. “Ile ni filimu tu, Mwalimu,” akaniambia, kabla sijasema lolote.

Sijui kama nilikasirishwa zaidi na pesa au na nyangumi. Najua tu kwamba insha hii ilianzia pale, na msomaji asitegemee kuwa mwandishi wake ametulia.

Falsafa ina maelezo yake ya kicheko, nami nitayapita haraka kama mtu mwenye karatasi zote kwenye kizuizi cha polisi. Hobbes alisema tunacheka tunapojiona ghafla kuwa bora kuliko mwenzetu. Kant alisema tunacheka matarajio yetu yanapoishia patupu. Freud alisema mzaha unafungulia nguvu tuliyokuwa tumeibana. Yote matatu yanaueleza ushuzi bila taabu. Na ucheshi mchafu ni ule unaochezea yale ya mwili ambayo adabu imeyafunika: choo, tumbo, uchi, kitanda. Haya, tumekubaliana. Lakini hakuna hata moja kati ya maelezo hayo linaloniambia kwa nini mtu yule yule anacheka sebuleni na kuzima mchezo ukumbini.

Nianze na shujaa. The Boys ilianza kuonyeshwa na Prime Video mwaka 2019, ikiwa imetokana na vitabu vya katuni vya Garth Ennis na Darick Robertson. Humo watu wanaoruka angani ni mali ya kampuni iitwayo Vought, ambayo inawaandikia hotuba, inauza sanamu zao na kuficha maiti wanazoziacha nyuma. Mkubwa wao ni Homelander, anayeigizwa na Antony Starr, mwenye joho la bendera ya Marekani na macho yanayokata ndege katikati. Hakuna anayemweza. Jeshi haliwezi, serikali haiwezi, waliomwumba hawawezi. Sasa mtunzi atamfanyaje mtu wa namna hiyo? Kumpiga haiwezekani, kumshtaki ni kichekesho kingine. Watunzi wakampa uchu wa maziwa ya mama. Mtu anayeangusha ndege kwa kuitazama analegea mbele ya chupa ya maziwa kama mtoto aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati. Ni mzaha mchafu. Pia ndio ufa pekee uliobaki ukutani. Peacemaker ya James Gunn, ya mwaka 2022, inafanya vivyo hivyo kwa njia laini zaidi: inamchukua John Cena, mwili mkubwa kama kabati la nguo, muuaji kwa jina la amani, na kumchezesha dansi akiwa na chupi tu, mpaka unaanza kumwonea huruma, na huruma hiyo inakushtua.

Shujaa wa filimu hizi ni mtu asiye na mtani. Kuruka ni jambo dogo, ndege pia zinaruka. Nguvu yake ya kutisha ni kwamba hakuna aliye hai mwenye ruhusa ya kumcheka usoni kisha akaenda nyumbani salama. Basi mwili wake mwenyewe unashika kazi hiyo. Ushuzi wa Kapiteni Shaba haukuwa tusi kwa mkubwa yeyote aliyekuwepo ukumbini. Ulikuwa mtani wake, amekaa ndani, anamjibu.

Hayo ndiyo niliyotaka kumweleza mwenyekiti juu ya Fanta ile. Yeye alikuwa na sentensi moja tu, na niseme wazi kwamba sentensi hiyo imenila zaidi kuliko inavyostahili.

Haiko mila yetu. Nimeisikia ikisemwa juu ya sketi, juu ya mtoto kumuuliza padri swali, juu ya mwanamke kuendesha teksi, na sasa juu ya mpira wa baiskeli. Anayeisema hahitaji kuitaja mila yenyewe. Anaifunga tu kama mlango, na wewe unabaki nje ukijitetea. Basi mimi nitaitaja.

Kwa Waluba, wakizaliwa mapasa, ndugu wa pande zote mbili wanakuja kuimba. Wanaimba nini? Msomaji wa Lubumbashi aliyewahi kupita karibu na ua wenye mapasa anajua, na anajua pia kwa nini sinukuu. Viungo vya baba vinatajwa, vya mama vilevile, tena na watu ambao siku nyingine hawathubutu hata kupeana mikono ovyo. Upande wa magharibi, kwa Wandembu, ambao ni Walunda wa kaskazini-magharibi mwa Zambia, Victor Turner alikuta jambo kama hilo katika miaka ya 1950 na kulieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969: wanaume na wanawake wakirushiana nyimbo za uchi katika tambiko la mapasa, kila upande ukijisifia na kuushusha mwingine. Matusi yale hayakunishangaza nilipoyasoma. Nilisimama mahali pengine. Kabla ya kuanza, watu wanatamka maneno mafupi ya kutangaza kwamba hapa sasa linafanyika jambo la namna nyingine. Na maneno hayo hayo yanatamkwa barazani kwenye kesi ya uzinzi, wakiwapo wakwe na mabinti, ili yasiyotajika yatajwe na kesi iishe. Ufunguo mmoja unafungua kicheko na unafungua hukumu. Mwenyekiti wangu angelisimamisha baraza lile pia, kwa upole ule ule.

Niendelee, maana nina hasira ya kutosha. Wabemba wana chisungu, mafunzo ya wasichana ambayo Audrey Richards aliyashuhudia mwaka 1931 na kuyaandikia kitabu kizima mwaka 1956. Anayedhani kwamba wanawake wazee wanawafundisha mabinti kwa zaburi na akaulize. Huko Unguja, Bi Kidude alipiga ngoma za unyago mpaka uzeeni, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX mbele ya wageni. Hata Athene wanayotuambia ni chimbuko la falsafa, mwaka 423 kabla ya Kristo Aristophanes alimweka Socrates jukwaani akieleza ngurumo za mbinguni kwa mfano wa tumbo linalojamba, tena katika sikukuu ya mungu, na makuhani wameketi mbele. Kwa hiyo kama matukano ni ya wazungu, basi wazungu nao walikuwa na mapasa.

Labda tuliulize swali upande wa pili. Kama matukano si ya kuazima, hii aibu tumeitoa wapi? Mji huu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 ukiwa na mabwana wawili, kampuni na kanisa. Union Minière ilitaka mfanyakazi asiyelewa, mwenye mke mmoja na ua uliofagiwa, atakayesikia king'ora cha asubuhi. Wabenedikto wa Askofu de Hemptinne walimtaka mtu huyo huyo kwa sababu nyingine. Ngoma ya usiku ilikuwa kelele kwa kampuni na dhambi kwa kanisa. Wazee wetu wakajifunza kucheka mdomo umefungwa. Sisi tukazaliwa tukakuta mdomo umefungwa, tukadhani umeumbwa hivyo, na leo anayeufungua anaambiwa amekuwa mzungu. Ni kichekesho kizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, na hakuna anayecheka.

Na hiyo “yetu” ni ya nani? Mji huu una haki ya kuuliza, kwa sababu swali hilo limefundishwa hapa. Padri Placide Tempels alichapisha hapa hapa, mwaka 1945, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, ambamo Wabantu wote wanafikiri jambo moja, nguvu, kana kwamba ni kwaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Paulin Hountondji, Mbenini aliyefundisha Kinshasa na Lubumbashi, aliikataa kwaya hiyo: hakuna kijiji ambacho wote wanakubaliana, alisisitiza, na falsafa inaanza pale mmoja anapobishana. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, akawa mtawa wa Wabenedikto kwa muda, akafundisha hapa, akafariki Marekani mwaka 2025, alionyesha jinsi hiyo Afrika tunayoitetea ilivyoandikwa kwa sehemu kubwa na wamisionari na watawala. Mwenyekiti hajawasoma, si dhambi. Lakini anaketi juu ya kiti kilichochongwa na de Hemptinne na kukiita kigoda cha mababu.

Tena tulishapewa mila kwa amri. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire na jimbo letu la Katanga likawa Shaba, mwaka uliofuata majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, suti ikapisha koti liitwalo abacost. Walimu na makarani walitolewa maofisini kwenda kukata viuno hadharani kwa ajili ya Rais Mobutu, na hakuna aliyesema kwamba viuno vile ni matukano mbele ya wakubwa. Taarifa ya habari ya televisheni ilianza kwa kichwa cha Mobutu kikishuka kutoka mawinguni. Mawinguni! Na kofia ya chui, na fimbo. Vijana wanaponiambia kwamba mashujaa wanaoruka ni mambo mapya ya Marekani, mimi nakumbuka kwamba tulikuwa na mmoja kila jioni, bila malipo, na yeye pia hakuwa na mtani.

Niruhusiwe nipite Kasenga, kwenye mto Luapula. Kila nikifikiri juu ya kicheko ninaishia huko, na wanafunzi wangu wameshazoea.

Nkambo wangu, yaani babu, alikuwa wa Bena Bowa, ukoo wa Uyoga. Watu wa bonde la Luapula, ng'ambo zote mbili za mto, wana koo zenye majina ya wanyama, mimea na vitu, na koo hizo zimepangwa mbili mbili kwa utani. Watani wa namna hiyo kwa Kibemba wanaitwa banungwe. Richards aliandika juu yao mwaka 1937, na sababu alizopewa na wenyewe zinanifurahisha kuliko vitabu vingi vya mantiki. Chui na Mbuzi ni watani kwa sababu mmoja anamla mwingine. Uyoga na Kichuguu ni watani kwa sababu mmoja anaota juu ya mwingine. Tembo na Udongo ni watani kwa sababu zamani wanawake walichimbua nyayo za tembo ardhini wakazitumia kama vyombo, badala ya kufinyanga vyungu. Ukoo wa Chuma unatania koo zote za wanyama, maana mnyama yeyote anakufa kwa mkuki au risasi. Tazama walivyofikiri. Hawakusema tunataniana kwa kuwa tunapendana. Walisema tunataniana kwa kuwa tunalana, tunakanyagana, tunatumiana. Walitafuta pale ambapo mmoja ana nguvu juu ya mwingine, wakaweka kicheko pale pale, kama mtu anayeweka jiwe chini ya gurudumu la gari lililoegeshwa mlimani.

Nkambo wangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Alikuwa na mshipa mkubwa uliomfanya atembee miguu imeachana, jambo ambalo nyumbani halikutajwa kamwe. Siku ya kilio akaja mwanamke wa ukoo wa Kichuguu, ana mafuta usoni na sufuria kichwani. Akaanza kutembea kama nkambo, miguu imeachana, huku amejifunga furushi la nguo mahali pake. Akainama juu ya maiti, akamwambia ainuke, aache uvivu, uyoga gani huu unaooza kabla ya mvua kuisha, sasa mimi kichuguu nitabaki na upara. Akaongeza mambo mengine juu ya furushi. Nilishikwa na hofu kwamba atapigwa. Nikamtazama bibi yangu, mjane mwenyewe, na alikuwa amejiziba uso na kitenge, mabega yanatikisika. Ilinichukua muda kugundua kwamba anacheka. Aliacha kucheka, akalia, akacheka tena.

Jioni ile watu wa Kichuguu ndio walioosha maiti. Kesho yake asubuhi ndio waliochimba kaburi.

Nimeibeba picha hiyo miaka mingi. Yule aliyemtukana nkambo aliushika mwili alioutukana, kwa mikono yake, bila glavu. Haki ya kuutaja mshipa ule ilikuwa upande mmoja wa deni, na upande wa pili ulikuwa maji na jembe. Ndiyo maana haikuwa dharau. Mwenye dharau haoshi.

Kundi la Mufwankolo lilijua jambo hili, au ndivyo ninavyopenda kuamini. Kwa miaka mingi waigizaji hao wa Lubumbashi walichekesha mji kwa Kiswahili chetu, redioni na kwenye televisheni, wakati kile kichwa kikiendelea kushuka mawinguni. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza juu ya msemo kwamba madaraka yanaliwa mazima. Wakamjibu kwa kutunga mchezo, wakaufanya katika kijiji cha Kawama, kamera zikiwepo, na Fabian akauandikia kitabu mwaka 1990. Msemo huo huwa naugeuzageuza. Unazungumzia kula tu. Mkubwa anakula mazima, hagawi, vizuri, lakini aliyekula atakwenda wapi alfajiri? Hadhi inasimulia nusu ya kwanza ya safari ya chakula. Ucheshi wa choo unasimulia nusu iliyobaki, na sioni kwa nini nusu hiyo iwe ya wazungu.

Serikali yenyewe haijawahi kuwa na shida na uchafu kama uchafu. Mwaka 1978 Franco, mwanamuziki mkubwa kuliko wote nchini, alifungwa pamoja na wanamuziki wake kwa ajili ya nyimbo “Hélène” na “Jackie”, zilizoambiwa zinavunja adabu. Na kweli ni chafu, sitawabishia watu masikio yao. Mwaka 1984 mdomo huo huo ukaimba kumpigia Mobutu kampeni ya uchaguzi aliogombea peke yake, na mdomo ukawa safi.

Kuna hoja nyingine dhidi yangu, za haki zaidi. Watoto walikuwemo ukumbini, ni kweli, na tulipaswa kulisema mapema kwenye tangazo. Mizaha ya namna hii mara nyingi inatua juu ya miili ya wanawake wasiokuwa na nafasi ya kujibu, katika The Boys na katika “Hélène” vilevile, na hilo sina la kulijibu. Achille Mbembe ameandika kwamba katika nchi kama zetu mtawala na mtawaliwa wanachafuka pamoja katika uchafu ule ule, kwamba kumcheka mkubwa kwa tumbo lake ni njia mojawapo ya kuketi mezani kwake, na kwamba kicheko hicho hakimwangushi mtu. Nimelisoma hilo mara nne.

Lakini kinachonisumbua usiku ni jambo lingine, na limetoka Kasenga, si kwa mwenyekiti.

Homelander nimesema hana mtani, na kwamba mzaha mchafu wa watunzi umeshika nafasi hiyo. Je, ni kweli? Mtani wa nkambo alikuwa na jina, na kesho watu wa Uyoga wangeweza kumrudishia kwenye kilio cha kwao. Homelander hamsikii yeyote anayecheka sebuleni Lubumbashi. Vought ni kampuni ya uongo inayodhihakiwa katika filimu inayotolewa na Amazon, ambayo ni kampuni ya kweli, na Amazon haichekwi, inalipwa. Nikimcheka mkubwa ndani ya kioo, mkubwa wa nje hatingishiki hata kidogo. Huenda ndicho alichomaanisha mwenyekiti aliposema ni filimu tu. Huenda alikuwa ameelewa kuliko mimi: sebuleni kicheko hakigusi mtu, ukumbini kulikuwa na mgeni safu ya kwanza mwenye masikio, na kiti chake kilikuwa hatua nne kutoka kwenye mpira wa baiskeli. Kama ni hivyo, hakuwa akilinda mila. Alikuwa akiupima umbali, na aliupima sawasawa. Nikifika hapo ninamheshimu kidogo, kisha nakumbuka pesa.

Halafu nageuka kujipima mwenyewe. Mgeni wa safu ya kwanza si mtani wangu. Sikumtangazia kwamba hapa linafanyika jambo la namna nyingine. Tulizima taa tu, tukavuta pazia, kama wanavyofanya Wafaransa, tukadhani pazia ni maneno ya kutosha. Akifa, sitamwosha mimi, wala vijana wangu hawatamchimbia kaburi, na yeye hatakuja kwenye kilio cha nyumba zetu huko Katuba. Kwa kipimo nilichokisifu mwenyewe, ushuzi wa Kapiteni Shaba haukuwa utani. Ulikuwa nini, basi? Naweza kusema kwamba wakubwa wa leo wamejitoa wenyewe katika koo zote, wamejenga kuta, wanatibiwa nje na kuzikwa na kampuni za mazishi, na kwamba asiye na banungwe amewaachia wote ruhusa ya kuwa banungwe wake. Ni hoja nzuri, nimeijaribu mbele ya kioo. Kila nikiisema nasikia kwa mbali mvulana akiubana mpira, na siwezi kuapa ni sauti ipi kati ya zile nne.

Mvulana mwenyewe alikuja juzi. Mmoja kati ya ile mipira miwili ya hotuba umetoboka. Aliniuliza kama onyesho la bomba linabaki, kwa sababu kuna ukumbi mwingine huko Kenya, komini yetu ya Kenya, ambao unaweza kutupokea mwezi ujao, na wenyewe wanataka kwanza kuusoma mchezo ukiwa umeandikwa. Nilimpa pesa ya gundi na kiraka, nikamwambia aje Jumamosi.